Mvua ya chembe juu ya Njombe: kwa nini hesabu za wanasayansi bado hazilingani?

Nyoosha kiganja chako. Uwe kwenye shamba la chai Njombe au stendi ya Makambako, takriban kila sekunde chembe moja iitwayo myuoni inakipenya, nawe huhisi chochote. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa iliyo juu yake ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, na myuoni zinazofika ni nyingi zaidi kidogo. Usiogope: ni sehemu ya mionzi ya asili ambayo viumbe wameishi nayo siku zote.

Zinatoka wapi?

Chanzo kikubwa ni protoni zinazotoka anga za mbali kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Zikiwa kilomita 15 hadi 20 hivi juu yetu, hugonga viini vya atomu za naitrojeni au oksijeni. Hapo huzaliwa chembe mpya, hasa pioni. Pioni zenye chaji zikivunjika hutoa myuoni. Zisizo na chaji hugeuka miale ya gama. Mgongano mmoja huzaa mingine, hadi mvua ya chembe inafika ardhini.

Chukua mfano wa malori mawili ya viazi yanayogongana njia panda ya Makambako. Ungetarajia viazi vimwagike. Kwenye protoni, ni kama yamemwagika pia maparachichi na mbao ambazo hakuna lori lililozipakia. Nishati ya mwendo imegeuka kuwa maada.

Kwa nini ni vigumu kukokotoa?

Ndani ya protoni mna kwaki, zilizoshikwa na nguvu iliyo kali kuliko zote za asili. Milinganyo yake inajulikana tangu miaka ya 1970, lakini haijawezekana kukokotoa nayo moja kwa moja jinsi kwaki zinavyogeuka kuwa pioni. Ndipo modeli inapohitajika.

Modeli iliyobuniwa Lund, Uswidi, inayotumika kwenye programu ya PYTHIA, huichukulia nguvu hiyo kama kamba. Kwaki zikitengana, kamba huvutika hadi ikakatika, na kila inapokatika huzaliwa jozi mpya. Kompyuta huiga migongano mamilioni kwa kubahatisha, mithili ya kurusha dadu, kisha matokeo hulinganishwa na vipimo halisi na modeli hurekebishwa.

Tatizo liko wapi?

Kituo cha Pierre Auger nchini Argentina kina matangi ya maji zaidi ya 1,600 ya kunasa chembe hizi, katika eneo la kilomita za mraba 3,000 hivi. Kwenye nishati kubwa mno, kimepima myuoni nyingi kuliko modeli zilivyotabiri.

Tofauti hiyo si ndogo. Idadi ya myuoni husaidia kutambua kama kilichogonga hewa ni protoni au kiini kizito kama cha chuma. Bila kujua hilo, ni vigumu kufuatilia kilikotoka. Modeli ikikosea, jibu nalo linakosea.

Julai 2025, mtambo wa LHC wa CERN, wenye mzingo wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, uligonganisha protoni na oksijeni kwa mara ya kwanza. Ni mgongano wa aina ileile unaotokea juu ya Njombe kila siku, safari hii mbele ya vipimo. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha modeli zinakosea wapi.