Mtoto wa Suria na Mwana wa Haramu

Wako wadhanio kuwa suria ni hawara, na kwamba mtoto wake ni mwana wa haramu. Sivyo. Hawara huishi na mwanamume pasipo ndoa. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa na bwana wake kwa sheria ya Kiislamu, zamani za utumwa. Mtoto wake, baba akimkiri, alizaliwa mwungwana, akarithi pamoja na watoto wa ndoa. Mama naye hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru.

Uingereza ya zamani za kati ilikuwa kinyume. Aliyezaliwa nje ya ndoa, hata baba akiwa mtukufu, katika mambo ya urithi alihesabiwa kuwa si mwana wa mtu. Joan, binti wa Mfalme John, aliolewa na Llywelyn, mtawala wa Gwynedd. Hata hivyo alihesabiwa halali kwa hati ya Papa Honorius III, mwaka 1226.

Sasa tuitazame nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856. Wanawe wanne walitawala Unguja baada yake: Majid, aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam, kisha Barghash, Khalifa na Ali. Wote ni wana wa masuria. Dada yao Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alikuwa binti wa suria Jilfidan. Ukoo wa baba yake wafuatika hata Omani bila taabu. Wa mama wakatika mara moja. Salme, katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, asimulia kwamba mama yake alizaliwa kwa mkulima wa Kicherkesi. Wanyang'anyi wakawaua wazazi, wakawachukua watoto watatu, kila mmoja njia yake. Jilfidan hakupata tena habari za kaka yake wala za mdogo wake.

Hivyo sheria ile ilimpa binti baba, isiweze kumrudishia mama yake jamaa zake. Nalo jina, binti Said, lamtaja baba tu. Wazaramo, wenyeji wa pande za Temeke na Kinondoni, kwa desturi yao ya asili huhesabu ukoo kwa mama, na jina la mtala hulipokea kwa baba. Kwao pande zote mbili zina mahali pake. Basi atakaye kuandika ukoo wake asiishie kwenye bin na binti. Aulize na mama alitoka wapi, wangali hai wawezao kumjibu.