Kulipita Lori Kubwa si Kazi ya Nguvu ya Injini

Ndugu wasikilizaji, Tanzania imepakana na nchi nane, na kadhaa miongoni mwao hutegemea bandari ya Dar es Salaam. Mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo hupita Morogoro, Iringa na Mbeya; ile ya Rwanda na Burundi hupita Dodoma, Singida na Nzega. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975, lakini hadi leo sehemu kubwa ya mizigo hiyo hubebwa na malori. Lori moja likipinduka katika mlima Kitonga, mafuta na dawa za jirani hukwama hapo. Kwa hiyo namna tunavyoyapita malori hayo ni jambo linalogusa maisha yetu na ya majirani zetu.

Askari wa majeshi yetu husafiri katika barabara hizo usiku na mchana, mara nyingi kwa haraka ya kazi. Wapo wanaodhani kwamba kulipita lori ni suala la injini yenye nguvu na moyo shupavu. Dhana hiyo si sahihi. Kulipita lori ni suala la masafa, na masafa yanahesabika.

Tuchukue lori lenye tela, urefu wake mita 22, linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Gari lako lina urefu wa mita 5 nalo linakwenda kilomita 80. Unaanza kulipita ukiwa mita 25 nyuma yake, na unarudi upande wako ukiwa mita 25 mbele yake. Tofauti ya mwendo wenu ni kilomita 20 tu kwa saa, yaani chini kidogo ya mita 6 kwa sekunde. Basi utakaa upande usio wako kwa takriban sekunde 14, na katika muda huo utakuwa umekwenda zaidi ya mita 300. Gari linalokuja mbele yako kwa mwendo kama wako nalo litakuwa limekwenda mita 300. Hivyo, kabla hujatoka, sharti uone barabara iliyo tupu kwa zaidi ya mita 600. Asiyeziona mita hizo kwa sababu ya kona, kilima, vumbi au mvua, hana ruhusa ya kutoka, hata kama mstari wa katikati umekatika. King'ora nacho hakipunguzi hata mita moja katika hesabu hiyo.

Sasa tuzungumzie jambo linalohusu majirani hasa. Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji huendesha magari upande wa kushoto kama sisi. Rwanda, Burundi na Kongo, zilizotawaliwa na Ubelgiji, huendesha upande wa kulia, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za namna hiyo yana usukani kushoto. Gari kama hilo likiingia kwetu, dereva wake hukaa karibu na ukingo wa barabara, na upande wa kulia, ambao ndio wewe unapitia, huuona kwa msaada wa kioo peke yake. Ukijibana nyuma ya tela lake, hakuoni kabisa. Kanuni ni nyepesi: usipoviona vioo vya dereva, fahamu kwamba naye hakuoni wewe. Kaa nyuma zaidi. Utaonekana, na wewe mwenyewe utaiona barabara vizuri zaidi.

Iko pia desturi ya dereva wa lori kuwasha taa ya kushoto kumwambia aliye nyuma apite. Desturi hiyo si sheria. Huenda dereva anataka kuegesha, au kukata kona. Aidha, kwa aliyezoea kuendesha upande wa kulia, ukingo wa barabara uko kulia, na taa hiyo hiyo yaweza kubadilika maana. Amri ya kupita itoke katika macho yako mwenyewe.

Yafaa pia kukumbuka kwamba lori lililojaa hupanda mlima polepole, lakini hushuka kwa kasi. Aliyeanza kulipita karibu na kilele huweza kujikuta akishindana nalo kwenye mteremko. Tena, baada ya kulipita, usijipenyeze mbele yake na kufunga breki. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na uzito huo hausimami kwa ghafla.

Kwa misafara ya majeshi, onyo ni mbili. Kwanza, kila dereva apime mwenyewe. Njia iliyokuwa wazi kwa gari la mbele si lazima iwe wazi kwa la pili. Pili, magari ya msafara yaachiane nafasi, ili raia anayeyapita apate mahali pa kurudi upande wake.

Ndugu wasikilizaji, raia hujifunza sheria kwa kumtazama askari kuliko kwa kusoma vibao. Askari anayesubiri kwa utulivu nyuma ya lori la jirani, hadi azione mita zake 600, analinda watu kama anavyowalinda akiwa lindoni.