Mawe ya Figo: Hutokana na Nini?

Maumivu ya mawe ya figo huanza ghafla. Hushika ubavuni, yakateremka hadi kinenani, na mgonjwa hawezi kuketi wala kulala. Hutapika, na pengine mkojo wake huwa na damu. Watu wengi hudhani kwamba mawe hayo humezwa pamoja na mchele usiochaguliwa vizuri. Dhana hiyo si sahihi. Changarawe iliyomezwa hupita utumboni na kutoka pamoja na choo. Haina njia ya kuifikia figo. Jiwe la figo hujengwa na mwili wenyewe, ndani ya mkojo.

Jinsi jiwe linavyofanyika

Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja kutoka katika damu majimaji yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja na nusu hivi tu hutoka kuwa mkojo. Kiasi hicho kidogo hakina budi kubeba chumvi na takataka zote zinazotakiwa kutolewa.

Kanuni inayotawala hapa ni ile ile ya darasa la kemia. Mwalimu akikoroga chumvi katika maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, akatumbukiza uzi, kisha akayaacha maji yapoe na kupungua kwa siku kadhaa, wanafunzi wataona fuwele zikishikamana na uzi huo. Mmumunyo umeshiba, hauwezi kubeba zaidi. Ndivyo ilivyo katika figo: kalsiamu hukutana na oksalati, fuwele hutokea, na fuwele zisizosukumwa nje hukua zikawa jiwe. Mawe mengi ni ya aina hii.

Sababu zilizo kubwa

Sababu ya kwanza ni uhaba wa maji mwilini. Mkulima alimaye juani na dereva wa safari ndefu hupoteza maji mengi kwa jasho. Wasipoyarudisha, mkojo hukolea. Mwaka 1996 watafiti wa Italia walitoa taarifa ya wagonjwa 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa 99 waliotakiwa kunywa maji mengi, 12 walipata jiwe tena katika muda wa miaka mitano. Miongoni mwa 100 wasiopewa agizo hilo, idadi ilikuwa 27.

Sababu ya pili ni chakula. Chumvi nyingi huzifanya figo zimwage kalsiamu zaidi katika mkojo. Nyama nyingi huongeza asidi ya uriki na kupunguza sitrati, ambayo kwa kawaida huzuia fuwele zisishikamane. Mchicha, karanga na chai zina oksalati.

Je, mtu aache maziwa kwa kuwa yana kalsiamu? Zamani wagonjwa wengi waliagizwa hivyo. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 45,000 nchini Marekani, uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kinyume: waliokula vyakula vyenye kalsiamu nyingi walipata mawe kwa uchache. Kalsiamu ya chakula huinasa oksalati ingali utumboni, ikatoka pamoja na choo kabla ya kuingia katika damu.

Sababu nyingine ni maradhi. Baadhi ya bakteria wa njia ya mkojo huivunja yurea na kutoa amonia, na mawe ya namna nyingine hujengeka upesi. Wenye ugonjwa wa jongo nao huelekea kupata mawe ya asidi ya uriki, na familia nyingine hurithi udhaifu huu.

Kinga

Mawe madogo, yasiyozidi milimita 5, mara nyingi hutoka yenyewe. Lakini maumivu yakiandamana na homa, au mkojo ukikatika, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia, kwani figo iliyozibwa huweza kuharibika kabisa.

Kwa mtu mwenye afya, kinga yenyewe ni nyepesi: anywe maji ya kutosha mpaka mkojo uwe wa rangi ya manjano hafifu. Shuleni jambo hili lataka uangalifu. Mwanafunzi anayejinyima maji asubuhi nzima kwa kuchelea vyoo vichafu au kwa hofu ya kuomba ruhusa huukoleza mkojo wake kila siku. Choo safi na mtungi wa maji salama, basi, ni sehemu ya somo la afya.