Joto la Kuchukua Safarini

Mtu aliyezaliwa Tanga au Lindi akiambiwa kwamba katika Tanzania hii hii yako mahali ambapo majani huamka asubuhi yamefunikwa na sakitu nyeupe kama chumvi, huenda akacheka na kudhani anafanyiwa mzaha. Watu wa Makete na Njombe hawacheki, maana wao huiona sakitu hiyo katika miezi ya Juni na Julai, hasa juu ya uwanda wa Kitulo ambao uko kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari. Kadhalika wenzetu wa Nyandarua na Limuru katika Kenya waijua baridi. Na kuhusu Kilimanjaro hapana haja ya kusema mengi, kwani kilele chake kina mita 5,895, na theluji yake huonekana na kila apitaye Moshi siku isiyo na mawingu.

Sababu ya baridi hiyo ni rahisi. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kiasi cha digrii sita. Basi mwalimu ahamishwaye kutoka pwani kwenda nyanda za juu, dereva ambaye lori lake limeharibika usiku njiani, mzazi ampelekaye mtoto shule ya bweni, na mpagazi apandaye mlima na mzigo wa wageni kichwani, wote hawa hufika mahali pa baridi bila ya miili yao kupata nafasi ya kuizoea. Tumeona yafaa tueleze ni joto gani mtu aweza kulitia katika mfuko wake, ni lipi la kufaa, na ni lipi la kuua. Tunasema kuua kwa kusudi, na tutalifikia jambo hilo hapa chini.

Kwanza lazima msomaji ajue kwamba jiko kubwa kuliko yote atakayochukua ni mwili wake mwenyewe. Mtu alalaye hutoa joto mfululizo usiku kucha, nalo si haba. Ukichukua lita moja ya maji yenye joto la digrii 80 na kuyaacha yapoe hata yalingane na mwili, joto lote lililotoka humo ni kama lile ambalo mwili wa mtu hulitoa kwa muda wa dakika arobaini tu. Blanketi haina joto lake yenyewe. Kazi yake ni kulizuia joto la mwenyewe lisitoroke. Ndiyo maana mtu aliyelala na njaa huona baridi hata chini ya mablanketi mawili, kwani jiko lake halina kuni. Tena ndiyo maana nguo iliyolowa ni adui mkubwa, maana maji hulinyonya joto la mwili upesi mno kuliko hewa kavu. Msafiri mwenye nguo kavu ya kulalia, soksi kavu, kofia ya sufi, na chakula tumboni, amekwisha maliza sehemu kubwa ya kazi kabla hajatafuta chombo chochote. Na asiye na kitu cha kutandika chini yake ajue kwamba ardhi itamwibia joto kuliko hewa iliyo juu yake. Hata nyasi kavu au maboksi yaliyokunjuliwa hufaa.

Ila iko saa ambapo hayo hayatoshi. Mwili ukiona baridi huirudisha damu ndani, kulinda moyo na tumbo, na vidole vya mikono na miguu huachwa maskini. Hapo ndipo kijoto kidogo cha kuchukua kinapopata kazi yake.

Jambo hili si geni duniani. Watu wa Kashmir, kaskazini ya Bara Hindi, tangu zamani huchukua chungu kidogo cha udongo kilichosukiwa kikapu, ndani yake makaa, nao hukiweka chini ya joho lao kubwa wakitembea nacho. Chombo hicho huitwa kangri. Ni chombo cha werevu, lakini kina gharama yake: waganga waliona zamani kwamba ngozi ya mapaja na tumbo ya watu waliozoea kukikumbatia miaka mingi hubadilika rangi, na baadhi yao hupata saratani mahali pale pale. Tunakitaja ili wasomaji wetu waone kwamba joto likigusa mahali pamoja siku zote hudhuru, hata kama halichomi.

Katika vyombo vyote, kile tukipendacho sisi ni chupa ya maji ya moto. Madukani huuzwa chupa ya mpira iliyofanywa kwa kazi hiyo, lakini chupa ya bati yenye kifuniko kigumu hufaa sawasawa, na mchana ni ya kunywea. Chupa nyembamba za plastiki zinazouzwa na maji ya kunywa hazifai, maana hulegea na kupinda zikitiwa maji ya moto. Kaza kifuniko, ipindue chupa na kuitikisa kidogo uone kama haivuji, kisha ivike soksi nene ili isiunguze. Iweke kitandani robo saa kabla hujalala. Ukilala, mahali pake si miguuni tu kama watu wengi wadhanivyo. Iweke kati ya mapaja, maana hapo mishipa mikubwa ya damu hupita karibu na ngozi, na damu yenyewe italichukua joto mpaka vidoleni. Juu ya mlima, katika kambi zilizo kiasi cha mita 4,600, maji huchemka yakiwa na digrii 85 hivi na si 100, kwa kuwa hewa huko ni nyepesi. Kwa hiyo usingoje yazidi, hayatazidi.

Siku hizi wageni wapandao mlima huja na vifuko vidogo vyeupe, kila kimoja kama kiganja, ambavyo vikifunguliwa na kutikiswa hupata moto vyenyewe bila kiberiti. Wako waliodhani ni dawa ya kizungu au uchawi. Ndani yake hamna ila unga wa chuma, maji kidogo, chumvi, unga wa mkaa, na kitu cha kushika unyevu. Kila mtu ajua kwamba jembe lililoachwa nje hupata kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewa, na katika kuungana huko joto hutoka. Ila jembe huchukua miezi, na joto lake hupotea pasipo kuonekana. Chuma kikisagwa kuwa unga, na chumvi ikiharakisha kazi, kutu ya miezi hufanyika kwa saa chache. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa senti chache: chukua waya laini wa chuma wa kusugulia masufuria, uloweke katika siki kwa dakika moja, uukamue, uuzungushie kipimo cha joto na kuvitia katika kikombe kilichofunikwa. Baada ya muda kidogo kipimo kitapanda digrii kadhaa. Sisi tumejaribu, na watoto waliotazama hawakusahau somo lile.

Kifuko hicho hudumu saa kadhaa, na vingine huzidi saa kumi. Kwa kuwa chakula chake ni hewa, ukikitia katika mfuko usiopitisha hewa kitazimika, na kesho ukikitoa kitaendelea na joto lililobaki. Wengi hawajui hili, nao hutupa kifuko ambacho hakijafika hata nusu ya maisha yake. Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo aibu yake: karibu na kilele cha Kilimanjaro hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, na kifuko kilichokuwa na moto mkali Moshi huwa vuguvugu tu kule juu, na kikibanwa ndani ya kiatu kisichopitisha hewa huenda kisipate joto kabisa. Kifungue chini ya shati lako nusu saa kabla ya kuondoka, kipumue kwanza. Na kikiisha, shuka nacho. Mlima si jaa.

Hapa lazima tuonye. Kifuko kisiguse ngozi tupu, wala kisilaliwe. Si lazima kitu kiwe cha moto mkali ndipo kiunguze: joto la digrii 44 tu, ambalo mkono huliona la kupendeza, likikaa juu ya ngozi saa sita huiunguza. Mtu aliye macho hukisogeza. Mtu aliyelala hana habari. Mtoto mchanga, mzee sana, mlevi, na mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, hao wasiwekewe kabisa isipokuwa yuko mtu anayewaangalia.

Viko na vyombo vingine. Uko mfuko wenye maji ya chumvi ya namna maalumu, na ndani yake kibati kidogo; ukikibonyeza, maji yote huganda ghafula na kutoa joto la digrii hamsini na kitu. Joto hilo halidumu sana, lakini mfuko ukichemshwa katika sufuria maji hurudi kama kwanza, na kazi huanza upya. Kiko chombo cha chuma kama kisanduku cha sigara, kilichobuniwa Japani mwaka 1923, ambacho huyageuza mafuta ya benzini kuwa joto bila mwali. Tena viko vya umeme, vyenye betri kama ya simu. Asafiriye kwa ndege ajue kwamba betri ya akiba huchukuliwa mkononi, haitiwi katika mzigo wa chini, na mafuta ya benzini hayapandi ndege hata kidogo.

Sasa tulifikie jiko la mkaa. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa safarini na dereva mmoja katika nyanda za juu za kusini, mwezi wa Julai, tukafika kijijini usiku, nguo zimelowa kwa ukungu na rasharasha. Mama mmoja mzee alitupokea, akatusalimu "Kamwene," akatupa ugali na maharage, akatuonyesha chumba. Kisha akaja na jiko la mkaa mwekundu usio na moshi hata chembe, akaliweka kati ya vitanda viwili na kulifunga dirisha kwa gunia. Akasema, "Wanangu, baridi ya hapa hamuijui. Fungeni mlango mlale." Sisi tulifurahi kweli kweli, tukainyosha mikono. Dereva yule akasimama, akalishika jiko kwa kitambaa, akalitoa nje barazani. Mama akanyamaza. Tuliona haya, maana kukataa moto wa mwenyeji ni kama kukataa chakula chake.

Dereva akapiga goti kidogo, akasema, "Mama, shikamoo tena. Si dharau. Ndugu yangu alilala na jiko kama hili, hakuamka."

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi, na hapo ndipo hila yake ilipo, kwa kuwa watu hudhani mkaa usio na moshi ni salama. Hewa hiyo ikiingia pafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hata damu ikawa haina nafasi ya kuchukua pumzi. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, magoti hulegea. Na aliye usingizini haoni lolote, husinzia zaidi. Kuacha upenyo wa dirisha si kinga ya kutegemea. Hema nalo si bora kuliko nyumba, na kibanda cha lori ni kibaya zaidi. Ukikuta watu wamelala hivyo na hawaitiki, usikae ndani kuwauliza habari. Fungua mlango, wavute nje kwenye hewa safi, na uwapeleke hospitali hata kama wameamka wakisema hawajambo. Twawaomba wazee wa vijiji na walimu walitangaze jambo hili kabla ya miezi ya baridi, hasa kwa wenye nyumba za kulaza wageni, maana wao hufanya kwa wema.

Vivyo hivyo wakuu wa misafara ya mlimani wawaangalie wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Mzigo wa mpagazi umewekewa mpaka wa kilo 20, na mara nyingi humo mna vifuko vya joto vya mgeni, hali yeye aliyevibeba hana kitu cha kutandika chini. Asiyepewa blanketi ndiye atakayevutwa na jiko la kupikia kuliingiza hemani usiku wa manane.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi mtalala vipi?" Dereva akamwonyesha chupa yake ya bati. Mama akacheka, akarudi jikoni, akaleta birika la maji yanayochemka, akatujazia chupa mbili, na jiko likabaki barazani likiwapasha joto mbuzi wake. Asubuhi maji yale yalikuwa vuguvugu bado, tukanawia nyuso.