Butembo: Kabla ya kuchagua posheti ya tableti, mnunuzi aangalie kwanza njia anayopita

Mjini Butembo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, tableti ni chombo cha kazi. Mwanafunzi wa chuo kikuu husomea humo masomo yake, na mwanabiashara huangalia humo bidhaa anazotaka kuagiza Dubai au Guangzhou. Wengi huweka akiba kwa miezi kadhaa ili kuinunua. Lakini pikipiki ikiruka shimo moja tu, mfuko ukaanguka, kioo kinaweza kupasuka siku hiyohiyo.

Ndiyo maana posheti, yaani kifuniko cha kuilinda, haifai kuachwa kwa mwezi ujao. Anayetaka kujua thamani yake aulize kwanza fundi bei ya kubadilisha kioo cha tableti hiyo. Kwenye tableti nyingi, kioo cha juu kimegandishwa na sehemu inayoonyesha picha. Cha juu kikipasuka, fundi hulazimika kubadilisha vyote viwili, na vipande hivyo havipatikani kila mara hapa mjini.

Namba kwanza, rangi baadaye

Kosa la kwanza madukani ni kununua kwa kutazama ukubwa, au kwa kusikia jina tu. Mfano mzuri ni Samsung. Galaxy Tab A 8.0 ya mwaka 2019 ina kioo cha inchi 8. Galaxy Tab A8, iliyotangazwa mwaka 2021, ina kioo cha inchi 10.5. Majina yanakaribiana sana, lakini posheti ya moja haiwezi kuingia kwenye nyingine.

Kinachotofautisha ni namba ya modeli. Ya kwanza huanza na SM-T29, ya pili na SM-X20. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi, na hupatikana pia ndani ya tableti, kwenye « Paramètres », kisha « À propos de la tablette ». Kwa iPad, namba huanza na herufi A na mara nyingi imeandikwa mgongoni. Mnunuzi aende dukani nayo ikiwa imeandikwa kwenye karatasi.

Kila njia na posheti yake

Kwa tableti inayobaki ofisini au nyumbani, posheti inayofungwa kama kitabu inatosha. Hufunika kioo, na nyingi husimamisha tableti mezani. Ubaya wake ni kwamba baadhi huacha pembe wazi.

Kwa anayepanda pikipiki kila siku, pembe ndizo za kulinda kwanza. Tableti ikiangukia pembe, nguvu yote ya pigo hukusanyika mahali padogo, na ufa huanzia hapo. Mtu huyo atafute posheti ya mpira wenye pembe nene, au ile ya tabaka mbili: mpira laini ndani, plastiki ngumu nje. Ni nzito zaidi, lakini ndiyo inayofaa barabara za mashimo.

Mavumbi nayo ni adui. Ndani ya mchanga kuna punje zilizo ngumu kuliko kioo. Zikiingia kati ya posheti na tableti, husugua kidogo kidogo mpaka alama zikabaki. Kwa hiyo posheti ivuliwe mara kwa mara na kupanguswa.

Kupima dukani

Mnunuzi aivalishe tableti posheti kabla ya kulipa, kisha ailaze kifudifudi juu ya meza safi. Kingo zikiwa ndefu vya kutosha, kioo hakigusi meza, na karatasi hupita chini yake. Ajaribu pia vitufe vyote, aingize waya wa chaji, na aangalie kama kamera haikuzibwa.

Kuna posheti zinazouzwa kwa maandishi MIL-STD-810. Hiyo ni kanuni ya jeshi la Marekani ya kupima vifaa. Jaribio lake moja ni kuangusha kifaa mara 26 kutoka urefu wa sentimita 122. Lakini jeshi hilo halitoi cheti kwa posheti za madukani; ni kiwanda chenyewe kinachosema kimepima. Kwa hiyo maandishi hayo pekee yasimshawishi mtu kuongeza pesa.

Mvua na joto

Posheti nyingi zina matundu ya chaji na ya sauti, kwa hiyo hazizuii maji. Mvua ikinyesha njiani, mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri husaidia kuliko posheti nene.

Posheti nene pia hushika joto. Kampuni ya Apple inashauri iPad itumiwe mahali penye joto lisilozidi digrii 35. Tableti ikipata moto sana wakati wa chaji, ivuliwe posheti na iwekwe kivulini, kwani joto kali hudhoofisha betri.

Kwa mwenye pesa kidogo, hesabu ni rahisi. Posheti ya mpira ya bei ya chini, yenye namba sahihi na kingo ndefu, inalinda kuliko ile ya ngozi nzuri isiyokaa sawa.