Kuhamia Shamba na Taabu ya Intaneti ya Polepole

Ndugu wanachama, msimu wa karafuu unapokaribia, wengi wetu tukaao mjini hufunga safari ya shamba. Nyumba ya Mpendae huachiwa jamaa, majamvi hukunjwa, masufuria hufungwa, na watu huhamia Kizimbani, Dole, Mfenesini au kwengineko kwa wiki nyingi. Wako pia wenzetu waliostaafu kazi, ambao wamehamia huko moja kwa moja. Vyombo vyote hufika salama. Kitu kimoja tu hakifiki kama kilivyokuwa mjini, nacho ni intaneti.

Wengine husema kwamba hiyo ni anasa ya vijana wapendao kutazama mpira. La, sivyo. Siku hizi habari ya mvua, malipo ya wachumaji, masomo ya watoto, na hata kumwita mwenye gari mtu anapoanguka mkarafuuni, yote hupitia katika simu. Habari ikichelewa, hasara huja.

Tuchukue karafuu zenyewe. Karafuu mbichi zataka jua la siku nne au tano. Zikirundikwa muda mrefu kabla ya kuanikwa, hupata joto na kuchacha, na zikikauka huwa nyeupe zenye mikunjo, na bei yake huanguka. Mtu aliyepata habari ya mvua saa 12 asubuhi hupanga kazi yake na kuanua mapema. Aliyeipata saa 8 mchana hukuta mvua yenyewe imekwisha mpa habari.

Kwa nini intaneti huwa polepole shamba? Simu husemezana na mnara kwa mawimbi ya redio. Mnara ukiwa mbali, au pakiwa na vilima na miti mingi katikati, mawimbi hufika yamedhoofika. Na majani yaliyolowa mvua huyapunguza zaidi. Kadhalika, mnara mmoja hutumiwa na watu wote walio karibu nao. Jioni, kila mtu anapokuwa na simu mkononi, kila mmoja hupata fungu dogo. Hata mjini hatukuepukana na taabu hii: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na watu wa Tanzania na nchi jirani wakaonja yale ayajuayo mtu wa shamba siku zote.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo yenye kuonyesha njia. Tuseme laini ya shamba inapitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 3 itachukua dakika 4 kufika. Video ya megabaiti 30 itachukua dakika 40, ikiwa haikukatika njiani. Lakini maneno matupu ya herufi 160 hupita kabla sekunde moja haijatimia. Njia ni ile ile. Kilichotofautiana ni mzigo.

Jambo hili si geni kwa Unguja. Mwaka 1879, zama za Seyyid Barghash, waya wa telegrafu ulitandazwa baharini kutoka Aden mpaka hapa, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Gharama ilihesabiwa kwa maneno, kwa hiyo wafanyabiashara walijifunza kusema mengi kwa maneno machache. Bei waliipeleka kwa waya. Barua ndefu na mahesabu waliyapeleka kwa meli. Hilo ndilo tunalowashauri wanachama: jambo jepesi lipitishwe katika njia nyembamba, na lililo zito lipitishwe mjini.

Kwanza, mambo mazito yamalizwe kabla ya kuondoka. Akiba haiozi. Masomo ya watoto, vitabu, mawaidha na programu zinazotaka kufanywa mpya, vyote vipakuliwe ungali Mpendae, hasa ikiwa nyumbani mna mtoto mwenye mtihani. Kisha fungua mipangilio ya simu, uzuie programu zisijifanye mpya zenyewe, na uzuie WhatsApp isipakue picha na video bila ya idhini yako. Bando nyingi huliwa na vitu ambavyo mwenyewe hata hakuviomba.

Pili, pendeleeni meseji ya kawaida. Haihitaji intaneti, na hupita hata pale laini ilipo dhaifu sana. Malipo ya simu yale ya kubonyeza nyota na alama ya reli nayo hayahitaji bando. Lakini hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni kulipa mara mbili: umemtumia mchumaji fedha za pishi zake, jibu halikurudi, ukatuma tena. Yapasa kuangalia salio kwanza. Ya pili ni kumpa kijana simu apande nayo kilimani penye mawimbi, ukampa na nambari ya siri. Panda mwenyewe, au ngoja. Nambari ya siri ni ufunguo wa sanduku.

Tatu, redio isisahauliwe. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwa redioni, na redio haitaki bando wala haijali wangapi wanaisikiliza kwa pamoja. Redio ndogo ya betri kambini yaweza kuokoa magunia.

Nne, tafuteni mahali na wakati. Zungukeni shamba na simu, muone mawimbi yasimama wapi, na mpatie mahali hapo alama. Mara nyingi ni penye mwinuko, au dirisha lililoelekea mnara. Mabati huzuia mawimbi, basi mwenye ruta asiifiche ndani ya kabati chini ya paa la bati, bali aiweke juu karibu na dirisha. Kazi kubwa ya intaneti ifanywe alfajiri, saa 11, wengi wakiwa hawajaanza kutumia. Tena kampuni za simu hazina nguvu sawa kila mahali. Ijaribu laini ya jirani kabla ya kununua yako. Na simu inayohangaika kutafuta mawimbi humaliza chaji upesi. Ukiipangia ibaki kwenye 3G au 2G, mara nyingi hutulia.

Tano, kila familia iwe na wakili mjini. Ndugu aliyebaki Mpendae apokee barua ndefu, fomu na picha, azisome, kisha akutumie maana yake kwa meseji moja. Kazi hii hata mtoto wa skuli aweza kuifanya vizuri.

Liko jambo moja lisilongoja intaneti kabisa, nalo ni dharura. Mchumaji akianguka, hapana wakati wa kutafuta nambari katika simu isiyofunguka. Nambari ya kituo cha afya kilicho karibu na ya mwenye gari ziandikwe karatasini, zibandikwe mlangoni, na kila mtu kambini ajue ni wapi simu inaposhika. Ulizeni swali hilo siku ya kwanza, kabla mtu hajapanda mti.

Nasi chamani tuna wajibu wetu. Twaipendekeza kamati kwamba kila tangazo la bei, la mvua au la mkutano litumwe kwanza kwa maneno yanayoenea katika meseji moja, ndipo picha na karatasi zifuate kwa wanaoweza kuzifungua. Tangazo zuri la rangi lisilofunguka ni sawa na tangazo ambalo halikutolewa.

Mwisho, kustahamili si kunyamaza. Penye mnara dhaifu, wanachama waandike tarehe, saa na mahali, walalamike kwa kampuni yao, na wasiposikilizwa wapeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Uko pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili huduma ifike mahali ambapo kampuni hazioni faida. Malalamiko ya watu ishirini wa shehia moja, yenye tarehe na saa, yana uzito kuliko manung'uniko ya mwaka mzima barazani.

Twawatakia wanachama wote msimu mwema, jua la kutosha, na habari zifikazo kwa wakati wake.