Muuaji Anayehama Mwili

Ilikuwa Jumamosi usiku, Otonglo, nyumbani kwa shangazi yangu, si mbali na barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Binamu yangu mdogo alikuwa amerudi kutoka duka la muvi na flashi iliyojaa filamu, na katika zote hizo akachagua moja ya zamani, Fallen ya mwaka 1998, kwa sababu moja tu: Denzel Washington. Dani, yaani nyanya yetu, alikuwa amekaa karibu na mlango. Hajui Kiingereza wala hakijamsumbua kamwe. Tulimtafsiria pale tulipoweza. Filamu ilipofika katikati akauliza swali ambalo mimi, ninayelipwa kufundisha jinsi filamu zinavyoundwa, sijawahi kulisikia darasani: "Huyo pepo, alikosewa nini?"

Kwa asiyeijua filamu yenyewe: John Hobbes ni mpelelezi wa polisi mjini Philadelphia. Amemnasa muuaji mmoja sugu, Edgar Reese, na serikali inamuua Reese kwa gesi gerezani. Kabla ya kufa Reese anamshika Hobbes mkono na kubwata maneno ya Kiaramu. Haupiti muda, mauaji yanaendelea kwa mtindo uleule, na mwenye mtindo amekwisha kuzikwa. Kumbe aliyekuwa akiua tangu mwanzo ni Azazel, malaika aliyeanguka, na Reese alikuwa nguo tu aliyoivaa. Anahama kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana.

Hapo ndipo pana ugumu wa filamu za aina hii. Hadithi ya upelelezi humpa mtazamaji ahadi: kila tukio lina chanzo, na chanzo hicho akili inaweza kukifikia. Ukishamwingiza pepo, ahadi iko hatarini. Pepo anaweza lolote, na panapowezekana lolote taharuki hufa, kwani hakuna cha kubashiri. Mwandishi wa mchezo, Nicholas Kazan, aliliona hilo, akamwekea pepo wake sheria. Azazel huingia kwa mguso. Hobbes, hata akiguswa, haingiliki kwa njia hiyo. Na mwili anaoukalia ukifa, anaweza kwenda umbali mfupi tu hewani kabla hajapata mwingine. Sheria hizo ndizo zinazomfanya Hobbes awe na kazi. Bila hizo angebaki kupiga magoti na kuomba.

Tazama zinavyotumika. Mwanamke anakimbia barabarani, na pepo anamfuata bila mtu yeyote kukimbia. Mpita njia anamgusa mwenzake begani, huyo anamgusa wa mbele yake, mkono hadi mkono, hadi mguso unamkaribia yeye. Hakuna damu wala kelele. Ni watu wa kawaida wanaotembea, na kila sura inabadilika kwa nukta moja kisha inarudi kuwa ya mwenyewe. Sebuleni pale hakuna aliyecheka. Sisi ni watu wa kupeana mikono: stejini, sokoni, na zaidi ya yote matangani, ambako mfiwa husalimiwa na kijiji kizima. Aliyeishi mwaka 2020, wakati wa korona, anaijua hofu ya mkono wa mtu mwema.

Turudi kwa dani. Watu wa ufuo huu wa ziwa hawahitaji Hollywood iwafundishe habari za pepo wapitao. Nyawawa wanajulikana: kundi la roho ambalo huaminika kutoka ziwani na kupita juu ya vijiji kwa mlio kama wa upepo. Wakisikika, watu hutoka na kupiga sufuria, mabati, jembe, chochote chenye mlio, boma baada ya boma, mpaka wapite. Katika mazishi kuna tero buru, ambapo wanaume hutoka mbio na ng'ombe, mikuki na ngoma kukifukuza kifo kitoke katika nchi. Halafu kuna jachien, roho ya mfu anayewarudia walio hai. Jachien hazuki bure. Huwa ni mtu aliyedhulumiwa, au aliyekufa na kinyongo. Ana jina, ana ukoo, ana madai. Anayetafutwa kutatua jambo hilo, ajuoga, huanza kwa maswali: nani amekufa, alikufaje, nani alimnyima haki yake, kitu gani hakikulipwa. Ukiondoa dawa na matambiko, huo ni upelelezi.

Kwa hiyo swali la dani lilikuwa la kitaalamu kuliko langu. Mimi nilikuwa nauliza "anahamaje?" Yeye alitaka kujua kiini cha kesi, na Azazel hana kesi. Anamwandama Hobbes kwa sababu Hobbes ni mwadilifu na hanunuliki, basi. Hapo naiona kasoro ya filamu: imejenga mbinu za uovu kwa ustadi mkubwa na kuusahau mzizi wake. Tena Hobbes anapigana peke yake. Ingekuwa Otonglo, usiku wa pili tu kila nyumba ingekuwa inapiga sufuria.

Hadithi za upelelezi za Kiswahili zilianzia karibu na habari hizi za mapepo, ila zikashika njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mzee mmoja anapatikana ameuawa mzimuni, na watu wako tayari kabisa kuulaumu mzimu. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakataa kusadiki hivyo, na mwishowe anaonyesha kwamba mkono ulioua ni wa binadamu. Mzimu umetumiwa kama pazia. Fallen inafanya kinyume chake: inaanza na binadamu aliyekwisha kuhukumiwa, kisha inafunua pazia, nyuma yake kuna pepo.

Kati ya wapelelezi hao wawili, Hobbes na Bwana Msa, mimi namwamini zaidi Bwana Msa, hasa nikikumbuka habari zetu wenyewe. Julai 2021 wapelelezi wa polisi wa Kenya, DCI, walitangaza kwamba wamemkamata Masten Wanjala, kijana ambaye kwa maelezo yao alikiri kuua watoto kadhaa, na tangazo lao likamwita mnyonya damu. Oktoba mwaka huohuo akatoweka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi, na siku mbili baadaye umati ukamuua kwao Bungoma. Mahakama haikupata kumhukumu. Agosti 2024, mshukiwa wa mauaji ya wanawake ambao miili yao ilitolewa katika machimbo ya Kware akatoroka katika kituo cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine kumi na wawili. Wote wawili waliondoka na miili yao wenyewe. Neno kama "mnyonya damu" hutia baridi mgongoni, lakini halisemi ni nani aliyekuwa na ufunguo.

Hata hivyo filamu hii ina ufundi mmoja ambao sitaacha kuusifu, nao unategemea nafsi ya kwanza, ile tunayoifundisha katika fasihi. Ambaye hajaiona na anataka kuiona aishie hapa. Inafunguka kwa Hobbes akigaagaa thelujini, huku sauti ikisimulia siku ambayo msemaji alikaribia kufa. Sura ni ya Denzel, sauti ni ya Denzel, na sisi tuliolelewa na kanuni ya kwamba steringi hafi tunatulia: ikiwa anasimulia, basi alipona. Njiani kamera inatupa dalili waziwazi. Mara kwa mara picha inageuka manjano na kupindapinda, tunatazama kwa macho ya pepo. Mwishoni Hobbes anamvuta Azazel hadi nyumba ya msituni mbali na watu, na kujiua kwa sumu ili pepo akose mwili. Steringi anakufa kweli. Ndipo paka anatokea chini ya sakafu ya nyumba, na tunatambua "mimi" aliyekaribia kufa ni nani.

Binamu yangu alipiga kelele kwamba tumedanganywa. Hatukudanganywa, tuliambiwa katika dakika ya kwanza, tukasikia tulichotaka. Dani naye alikuwa na swali moja la mwisho: paka yule ni wa nani? Nikamwambia hana mwenyewe, ni wa msituni. Akaguna, akasema paka asiye na boma haendi mbali, akaenda kulala.

Ukiipata filamu hii, usizime majina yanapoanza kupanda. Irudishe mwanzo, usikilize sauti ile mara ya pili.